Chini ya Gramu Mia

Mizani ya ghala inaanzia gramu mia.
Chini ya hapo mshale umelala
kama mlinzi wa zamu ya usiku.
Kwa hiyo miaka kumi na tisa, hapa Uvinza,
chini ya gramu mia hapakuwa na kitu.
Niliandika hivyo daftarini: hakuna.

Yusta akatoka shule na swali,
kidato cha pili, wino kwenye kidole gumba.
Akaokota punje ya chumvi sakafuni,
akaiweka juu ya kitabu cha stakabadhi,
akaigonga kwa kitako cha kufuli.
"Onja, baba. Bado ni chumvi?"
Nikalamba. Bado.
Akagonga tena, nikalamba tena,
mpaka karatasi ikabaki na weupe tu,
na ulimi ukaendelea kusema ipo
pale macho yaliposhasema haipo.

Anasema kuna pigo moja, mbele huko,
ambalo likipita si chumvi tena:
upande huu madini laini yanayolipuka majini,
upande ule hewa ya kuua mtu.
Nami nimewafungia watu magunia na magunia
watie kwenye maharage!

Na hizo nazo zina kiini,
na kiini kina vitu, na vitu vina kwaki.
"Na kwaki?"
Alimuuliza Mwalimu Ntakije.
Mwalimu akafuta ubao:
mtihani haufiki huko.

Lugha yenyewe inatucheka.
Kitu kikubwa ni jabali, basi.
Kikipungua, punje. Kikipungua, chembe.
Ukikipasua tena unaitwa useme chembechembe,
kitu nusu, jina mara mbili.
Na waliotuambia haba na haba hujaza kibaba
hawakufungua haba moja watuonyeshe.

Mimi kugawanya nakujua kwingine.
Shamba la marehemu baba, Kazuramimba,
tuligawana saba.
Kila mmoja akaondoka na matuta manne ya mihogo,
na wanangu wakigawana yangu
kuna atakayerithi shimo la mche.
Lakini ugomvi wa siku ile haukukatika.
Hakuna aliyepata kipande chake.
Kila mmoja alikwenda nao mzima.

Na senti, je? Nani aliikata senti?
Hakuna. Ilikataliwa tu dukani,
siku moja muuza duka akaisukuma kwa kidole,
ikawa si fedha.
Ndiyo maana naogopa jibu la mwanangu.
Hapo wanapoishia wataalamu na mashine zao,
ni kitu kimegoma kugawanyika,
au ni duka limefungwa?

Nyuma ya daftari lake la kemia nimekuta:

*Chembe nimeipasua, ndani nikakuta chembe,*
*Nayo nikaichambua, ina chembe kwenye pembe,*
*Mwisho wake kuujua, hauna makali wembe,*
*Baba yangu nauliza, kisu kitakoma wapi?*

Sikumjibu. Nilikuwa na behewa la kupakia,
na mvua ilikuwa inakuja toka Malagarasi,
na chumvi haingoji mvua.

Ila glasi yake bado iko dirishani.
Alikoroga humo punje, ikapotea,
maji yakawa maji.
Jua likayanywa siku sita.
Leo asubuhi chini ya glasi kuna vijisanduku,
vidogo, vyeupe, pembe zao zimenyooka
kuliko dirisha lenyewe, kuliko ghala,
kuliko chochote fundi wetu amewahi kupigilia.
Zilipokuwa zimepotea humo majini
nani alizishikia vipimo?

Nimefungua daftari la ghala.
Nimekata lile neno, hakuna,
kwa mstari mmoja, ili lisomeke.
Pembeni nimeandika: haijapimwa.

Msimamizi kapita, kauliza ni nini hii.
Nimemwambia ni chumvi.